Mfuko wa Mama: Niliyowaambia Wanaouguza Wagonjwa wa Kansa

Haya niliyaongea Jumamosi kwenye kikao cha familia zinazouguza wagonjwa wa kansa hapa Tanga, tulikuwa kama watu sitini kwenye darasa la shule moja, tumekalia viti vya watoto magoti yanakaribia kidevu. Kuna waliokosa wakaniomba niyaandike. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, na maswali ya watu nimeyaacha humohumo.

Shikamooni wazee wangu. Dada zangu na wadogo zangu, hamjambo. Kwanza tuelewane, mimi sio daktari, isije kesho mtu akasema daktari wa Ngamiani kasema. Mimi ni fundi sanifu dawa, nina duka la dawa, miaka kumi na moja niko nyuma ya kaunta na wengi wenu hapa nawajua sura, wengine nawajua mpaka presha zenu. Na leo nimekuja kuongelea kitu ambacho nimekiuza kwa mikono yangu hii. Vidonge vya vitamini, makopo ya unga, saplimenti, virutubisho, kila mtu ana jina lake, vile ambavyo mtu akisikia tu ndugu yake kakutwa na kansa basi kabla hata ya kukata tiketi ya kumpeleka Dar anapita kwanza dukani. Nlikuwa nimevipanga shelfu ya juu, ile inayokutana na macho ukiingia. Kopo moja nachukua elfu 45 nauza elfu 85. Dawa ya kichwa faida yake ni shilingi mia, sasa mngekuwa nyinyi mngemsukumia mteja kipi?

Halafu mwaka juzi ikaja kwangu. Mama yangu mzazi, kansa ya shingo ya kizazi, na hiyo ndo inayoongoza kwa kina mama hapa Tanzania, kwa hiyo kuna wenzangu humu wanaijua vizuri kunizidi. Akapangiwa mionzi mara 25, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tano, na kila wiki siku moja anatundikiwa dripu ya kemo, yaani dawa ya kuua seli za kansa, yake inaitwa cisplatin, halafu mwishoni mionzi ya ndani, ile inayowekwa ndani ya mwili karibu na uvimbe. Akafikia kwa dada yangu Mbagala. Saa kumi na moja alfajiri wako kituoni wanagombania daladala. Mimi niko Tanga na duka, natuma hela, na kila basi likiondoka natuma mfuko.

Huo mfuko ndo nataka niuongelee.

Wiki ya tatu dada ananipigia, mama anaharisha hatari, hali chakula, amelegea, na hospitali wamesema leo hapigwi mionzi mpaka apate nguvu. Nikafunga duka nikapanda basi. Nilimkuta mama kakonda mpaka kanga inamzunguka mara mbili na bado inabaki. Alianza tiba ana kilo 61, siku ile mizani ilisoma 53. Kilo nane wiki tatu jamani. Na mnajua mionzi ya shingo ya kizazi ikisimama sio kama umekosa dozi moja ya amoksilini ukameza kesho yake. Wataalamu wanataka tiba yote, ya nje na ya ndani, iishe ndani ya wiki 8, kwa sababu zile siku za kusimama seli za kansa hazisimami, zinaendelea kuzaana, na kila siku inayoongezeka nafasi ya kupona inapungua.

Hospitali kulikuwa na dada mmoja wa lishe, mdogo tu, nadhani hata thelathini hajafika. Akaniuliza, kaka, mama anameza nini zaidi ya dawa zetu? Nikamwambia hakuna, vitamini tu. Akasema leta hizo vitamini tu. Dada yangu akatoa mfuko chini ya kitanda, ile mifuko ya kusokota ya sokoni, yule binti akautandaza mezani kitu kimoja kimoja kama mtu anapanga nyanya. Vilikuwa tisa. Vitamini C za kuyeyusha kwenye maji, miligramu 1,000 kila kidonge. Vitamini E. Kopo lile langu la elfu 85, limeandikwa antioksidanti kumi na mbili kwa pamoja. Mafuta ya habbat soda. Unga wa mlonge. Vidonge vya fefo vilivyobaki kwenye mimba ya dada. Asali. Unga wa lishe. Na box la chai ya kusafisha mwili.

Akaanza na ile chai. Akaligeuza box, akanisogezea, akasema soma hapa kaka, wewe si mtu wa dawa. Nikasogeza mbali, nikasogeza karibu, sikuwa na miwani. Akanisomea yeye. Sanamaki.

Naona bibi zangu hapo mbele mmeguna, mnaijua. Sanamaki! Ile tuliyokuwa tunanyweshwa utotoni kusafisha tumbo, mtu unashinda chooni. Mama yangu anapigwa mionzi ya nyonga, utumbo wake tayari umevimba kwa ndani, kuharisha kwake tayari ni kitu kinachotarajiwa, na mimi mwanae mwenye cheti cha dawa ukutani namtumia sanamaki kwa basi, asubuhi kikombe na jioni kikombe, ati nasafisha sumu ya kemo. Na cisplatin inaumiza figo, ndo maana wanamwekea maji mengi ya dripu siku ya dawa, sasa mtu anaharisha maji yanaisha mwilini halafu unamwekea cisplatin, hapo figo zinaweza kwenda kabisa. Sikujibu kitu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi pale.

Basi yule binti akagawa vile vitu mafungu matatu. Fungu la kuacha leo, fungu la kumuuliza daktari, na fungu la kula. La kula aliweka asali na unga wa lishe, halafu akaunusa ule unga akautoa. Ulikuwa na karanga za siku nyingi, umeshaanza harufu ya uvundo, na nyie mnajua habari ya sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka na karanga, mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi tu. Kwa hiyo kwenye mfuko mzima, hela yangu yote ile, chakula kilibaki asali.

Sasa fungu la kuacha. Vitamini C kubwa zile, vitamini E, na kopo langu. Hapa ndo nilibisha, maana haya ndo maneno niliyokuwa nawaambia wateja miaka yote, kwamba antioksidanti zinalinda seli. Akaniambia ndio zinalinda, swali ni zinamlinda nani. Akanieleza hivi, na mi nimekuja kusoma baadae nikakuta ni kweli. Mionzi ikipita mwilini sehemu kubwa ya kazi yake haiifanyi kwa kuipiga seli moja kwa moja, inayagonga maji yaliyomo ndani ya seli, yale maji yanazaa vitu vikali sana vinavyoishi sekunde isiyofika hata moja, na hivyo ndo vinakata vinasaba vya seli ya kansa mpaka inashindwa kuzaana. Antioksidanti kazi yake ni kuvizima hivyo vitu vikali. Yaani unamlipa mtu awashe moto, unapita nyuma yake unaloweka kuni.

Mtu atasema hayo ni maneno ya darasani. Haya, yamepimwa kwa watu. Kanada, jimbo la Quebec, walichukua wagonjwa 540 wa kansa za kichwa na shingo waliokuwa wanapigwa mionzi, nusu wakapewa vitamini E pamoja na beta karotini, nusu vidonge vitupu visivyo na dawa, majibu yakaanza kutoka 2005. Waliomeza zote mbili madhara ya mionzi yalipungua, midomo haikuungua sana, ukiishia hapo unaweza ukafungua shampeni. Ila kipindi kile wanameza, waliopewa vitamini ndo waliopata kansa nyingine mpya kwa wingi zaidi, na walipofuatiliwa miaka iliyofuata, waliokufa walikuwa wengi zaidi upande wa vitamini E. Beta karotini yenyewe walishaiondoa katikati ya utafiti kwa sababu ya habari za Finland na Marekani. Finland walichukua wanaume 29,133 wavuta sigara, wazima wazima hawana kansa, wakijua kabisa karoti ni nzuri na beta karotini ndo iliyomo kwenye karoti. 1994 majibu yakatoka, waliomeza beta karotini walipata kansa ya mapafu asilimia 18 zaidi ya wenzao. Marekani nao walikuwa na utafiti wao wa namna hiyohiyo, wakausimamisha 1996 kabla ya muda wake, wao waliona asilimia 28.

Karoti kuleni. Nasema hivyo kwa sababu kuna baba mmoja nimeona ameshaanza kumwangalia mke wake. Karoti, mchicha, machungwa yetu ya Muheza, ubuyu, hivyo ni chakula, vitamini zake zinakuja kidogo kidogo na wenzake wengi. Ishu ni kidonge kilichokusanya machungwa ishirini mahali pamoja halafu unameza vitatu kwa siku.

(Hapa mama mmoja wa nyuma akauliza, kwa hiyo hata balungi anaweza kula? Swali zuri kuliko alivyojua mwenyewe.) Balungi hapana, mpaka umuulize daktari, na ni la kwetu kabisa Tanga hapa. Chungwa la kawaida halina neno. Balungi linazuia kimeng'enya fulani cha kwenye utumbo na ini ambacho kazi yake ni kuvunjavunja dawa, sasa dawa zinazopita njia hiyo, kwa mfano kidonge cha kansa ya damu kinaitwa nilotinib, ukila na balungi dawa inajaa kwenye damu kuliko ilivyokusudiwa, mgonjwa analewa dozi ya mtu mkubwa zaidi yake. Na kuna mimea inafanya kinyume, inaharakisha dawa itoke kabla haijafanya kazi. Ndo maana mtu akikuambia hii ni ya asili haina madhara, muulize tu, na bangi je? Na sanamaki je?

Sasa fungu la kuuliza. Mlonge na habbat soda daktari alisema vipumzike mpaka tiba iishe, tukaviweka pembeni hatukugombana. Ila ile fefo, vile vidonge vyekundu vya wajawazito vyenye madini chuma na asidi ya foliki, hiyo nataka niwape stori yake kwa sababu mimi mwenyewe iliniacha mdomo wazi.

Boston, Marekani, mwaka 1947. Kuna daktari anaitwa Sidney Farber, hospitali ya watoto, anaangalia watoto wenye kansa ya damu wanakufa mmoja mmoja, dawa hakuna, hata moja. Asidi ya foliki ilikuwa ndo imegundulika karibuni na ilikuwa inatibu upungufu fulani wa damu vizuri sana, kwa hiyo hesabu ikaonekana rahisi, hawa watoto damu yao mbovu, wapewe foliki. Wakapewa. Kansa ikaongeza mwendo. Zile seli zilikuwa zinaisubiri foliki kama sisi tunavyosubiri futari. Mwingine angekata tamaa, Farber akageuza swali, kama ukiwapa kansa inakimbia, je ukiwanyima? Akapata dawa iliyotengenezwa ifanane na foliki ila ni feki, seli inaidaka ikidhani ni foliki halafu inakwama. Aminopterin. Juni 1948 akaandika kwamba kati ya watoto 16 aliowatibu, 10 walipata nafuu ya wazi. Ya muda tu, ila kabla ya hapo hapakuwa hata na ya muda. Kutoka kwenye ukoo huo ikaja methotrexate ambayo mpaka leo inatumika kutibu watoto wenye kansa ya damu, na wakubwa wenye kansa nyingine.

Mnaona ilipo? Moja ya dawa za kwanza kabisa za kemo ilizaliwa kwa sababu vitamini iliikuza kansa. Vitamini ileile tunayoiita ya kuongeza damu, inayogawiwa kliniki, ambayo haina hata harufu ya hatari. Sasa mgonjwa yuko kwenye methotrexate halafu jirani mwema anamletea foliki. Au yuko kwenye dawa za kemo za ukoo wa 5-FU, kuna kidonge chake kinaitwa capecitabine, hapo foliki inafanya kingine, inaipandisha dawa makali mgonjwa anachubuka mdomo na kuharisha kupita kiasi. Halafu, na hapa ndo utajua kwa nini lazima uulize, kuna dawa nyingine ya kansa ya mapafu, pemetrexed, hiyo huruhusiwi kuitumia bila foliki na sindano ya B12, daktari mwenyewe anakuandikia, usipotumia madhara yake ni makubwa mno. Kidonge kimoja, dawa tatu, majibu matatu. Mimi na cheti changu nisingeweza kukisia, na shangazi yako aliyesoma kwenye grupu la WhatsApp naye hawezi.

Mama fefo haikumfaa sana kwa sababu nyingine kabisa. Damu yake ilikuwa chini, na chuma cha kidonge kinachukua wiki nyingi kupandisha damu, mionzi haisubiri. Akaongezewa chupa mbili za damu. Daktari alinieleza mionzi inataka oksijeni ili iue vizuri, uvimbe uliokosa oksijeni unavumilia mionzi hata mara tatu ya ule wenye oksijeni, na oksijeni inabebwa na damu. Kwa hiyo nyie mnaowapa wagonjwa juisi ya rozela na bitiruti, wapeni ni kinywaji kizuri, mi mwenyewe napenda, ila majibu ya damu yakisema 8 msiende nyumbani kukamua bitiruti, tafuteni ndugu wa kuchangia damu. Na ukimpa bitiruti mwambie kabisa kwamba mkojo unaweza kuwa mwekundu, shemeji yangu alipiga simu usiku analia.

Haya, chakula sasa. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo kuna kazi.

Mgonjwa wa kansa aliye kwenye tiba anahitaji kula kama mtu asiyeumwa na zaidi, wakati ndo hataki hata kuona sahani. Hesabu wanayotumia wataalamu ni kalori 25 mpaka 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na protini zaidi ya gramu moja kwa kila kilo, ikiwezekana ifike moja na nusu. Mama kilo 53, kwa hiyo kama kalori 1,300 mpaka 1,600 na protini gramu 53 mpaka 80. Yai moja lina protini kama gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8. Sasa nikapiga hesabu ya kopo langu, kipimo kimoja cha unga wake kwa siku kilikuwa na protini gramu 2. Mbili! Elfu 85. Trei ya mayai kipindi kile nanunua elfu 12, hiyo hela ni trei saba, mayai 210. Nlikuwa nauzia watu mfuniko kwa bei ya mayai 210.

Ila mayai huwezi kumlazimisha mtu anayetapika. Tulichofanya ni hivi. Dada alikwenda sokoni akanunua dagaa wa Kigoma, akawachambua vichwa na matumbo, akaosha kwa maji ya moto, akawakaanga kwenye sufuria kavu bila mafuta mpaka wakavunjika ukiwagusa, akatwanga, akachekecha kwa chujio la chai. Unatoka unga mwepesi kama iriki. Dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Uji wake ulikuwa wa mchele, sio wa dona, maana utumbo ulikuwa hauwezi makapi kipindi kile. Uji ukiiva anatia kijiko kimoja cha unga wa dagaa na yai lililopigwa, anakoroga haraka palepale motoni mpaka yai liive, lisibaki bichi, kwa sababu kemo inashusha kinga na yai bichi linaweza kuwa na vijidudu. Mafuta kijiko. Chumvi na ndimu kidogo kuua shombo. Ukionja ni kama supu nzito.

Siku ya kwanza mama alinusa akageuza shingo. Akasema, mdomo wangu una ladha ya msumari. Cisplatin hiyo, inafanya kila kitu kiwe na ladha ya chuma. Dada akatoa kijiko cha bati akaleta cha mti, akaupoza ule uji ukawa wa baridi kabisa maana cha moto kinarusha harufu, akautia kwenye kikombe chenye mfuniko na mrija. Mama akavuta mara tatu. Akapumzika. Mara mbili tena. Robo kikombe ilichukua dakika arobaini, na dada akaandika kwenye daftari, saa nne, robo. Saa sita, robo. Tulikuwa tunashangilia robo kikombe kama watu wa mpira. Ile siku ya dripu hatukumpa uji huo kabisa, yule binti wa lishe alituambia siku ya kemo usimpe mgonjwa chakula anachokitegemea, akikitapika basi akili inakiandika adui hakirudi tena. Siku hiyo ni chai ya tangawizi nyepesi, ndizi mbivu, mkate mkavu.

Maharage, kabichi, mboga mbichi, maziwa fresh, vyote tulivisimamisha mpaka kuharisha kuishe, tukampa mtindi kidogo na samaki wa kuchemsha. Nasema hivyo kwa sababu kuna mtu atatoka hapa na orodha ya mama yangu akampe baba yake mwenye kansa ya koo, na huyo shida yake ni nyingine, hamezi, yeye kila kitu kisagwe kilainike na wakati mwingine awekewe mpira wa kulishia mapema kabla hajaisha. Mpira ule watu wanauogopa wanadhani ndo mwisho. Nimeona mtu kaupata, kamaliza mionzi, umetolewa, anakula wali.

(Kijana mmoja hapa akasema, lakini bro kansa si inakula sukari, sisi tumemkatia mzee ugali, wali, matunda yote, anakunywa juisi ya majani tu.) Kaka, mzee ana kilo ngapi? Akasema hawajapima. Nikamwambia hivi. Hiyo habari ina mzizi wa kweli, Mjerumani mmoja, Otto Warburg, miaka ya 1920 aliona seli za kansa zinatumia sukari kwa pupa kuliko seli nyingine. Kweli kabisa. Ila kutoka hapo mpaka kumnyima mzee ugali ni safari ndefu, kwa sababu ukimnyima wanga, mwili unavunja misuli yake wenyewe unatengeneza sukari, na kansa inakula palepale kama kawaida. Unakuwa umemnyima baba, kansa hujainyima. Soda na peremende za kutwa nzima sizitetei, na kama ana kisukari ni mazungumzo mengine na daktari wake. Ila ugali mpeni mzee. Leo.

Nisiwaache mkidhani kila kidonge ni adui. Kuna vya kweli. Mama madini yake ya magnesiamu yalishuka, cisplatin inayamwaga kwa mkojo, wakampima wakamrudishia kwa dripu. ORS alikunywa kama maji. Kuna maziwa maalumu ya hospitali yenye kalori nyingi, mgonjwa asiyeweza sahani yanamsaidia kwelikweli, ukiandikiwa na una uwezo nunua. Maltivitamini ya kawaida ya kipimo cha kila siku haina tabu kwa mtu ambaye hali chakula vizuri, madaktari wengi wanaruhusu. Tofauti iko kwenye kupimwa, mtu kapimwa kakutwa hana, akapewa. Sio mtu kahisi.

Na hata kuhisi kwa wasomi kuna siku kunakataa. Ganzi za vidole baada ya dawa za kemo za ukoo wa paclitaxel mnazijua, mtu anashindwa kufunga vifungo vya shati. Kuna saplimenti inaitwa asetili karnitini, ilionekana itazuia ganzi, hata mimi nimeiuza kwa kazi hiyo. Marekani wakaipima kwa wanawake 409 wenye kansa ya matiti, 2013 wakatoa majibu, waliomeza ganzi yao ilikuwa mbaya zaidi. Ukichukua ya kwangu dukani ukaja kulalamika ganzi imezidi, ningekuuzia kopo la pili.

Kwa nini hatuwaambii madaktari? Mimi najua kwa nini, nliwauliza wateja wangu baada ya haya. Tunaogopa kugombezwa. Na kweli kuna wanaogomba, mgonjwa anatoa chupa ya dawa ya kienyeji anarushiwa maneno mbele ya foleni, safari nyingine unadhani ataitoa? Na sisi wa Kiafrika mtu akikuletea dawa amekuletea upendo, utamwambiaje shangazi aliyetoka Lushoto na kidumu chake kwamba hukitumii. 2011 nchi nzima tulikwenda Loliondo, kijiji cha Samunge, kunywa kikombe cha dawa ya Babu, shilingi 500, gari la mjomba wangu lilikuwemo kwenye ile foleni, kwa hiyo hapa hakuna wa kumcheka mwenzake. Kipokee kidumu. Sema asante shangazi, kiweke, halafu kionyeshe hospitali. Kama daktari wako anagomba, mtafute nesi au mtu wa lishe. Yule binti wetu hakutugombeza hata neno, aliuliza tu, zaidi ya dawa zetu, nini kingine? Na akanyamaza akasubiri.

Mama alirudi kwenye mionzi baada ya siku nne. Alimaliza zote 25 na za ndani, akiwa na kilo 55, na sasa hivi yupo nyumbani anadai nimemwaibisha kuwahadithia kuharisha kwake. Shelfu ya juu nimeweka pampasi na mizani. Jamaa aliyekuwa ananiletea makopo bado anapita, ananiambia kaka unapoteza hela, na ni kweli, napoteza.

Mizani nimekuja nayo, iko pale mlangoni, mnapotoka wagonjwa wapande, msiokuja na wagonjwa chukueni daftari muanze leo kwa sababu mtu wa kilo 60 akipoteza kilo tatu tu hospitali wanatakiwa wajue, msingoje nguo zianguke. Na niliwaambia kwenye tangazo mje na mifuko yenu. Naiona chini ya viti hapo, msiifiche. Ileteni hapa mezani, tutasoma kitu kimoja kimoja, tutaandika kwenye karatasi majina yote ya kumpelekea daktari wako. Leo miwani ninayo.